Pini ya volti 3.3, pampu ya volti 12

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina bustani ya mchicha hapa Dodoma. Nimeunganisha ESP32, bodi ndogo ya kompyuta ya kudhibiti vifaa, na sensa ya unyevu ili iwashe pampu ya volti 12, ampea 5, inayotumia betri ya sola. Katikati nimeweka mosfeti IRFZ44N, yaani swichi ya umeme inayofunguliwa kwa volti, kwa kuwa karatasi yake ya vipimo inasema inafunguka kwa volti 2 hadi 4, na pini yangu inatoa 3.3. Pampu inazunguka kinyonge, nikipima inapata volti 8 tu, na mosfeti inaunguza kidole. Hii ni ya pili, ya kwanza ilikufa. Nimeuziwa feki?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Feki zipo madukani, lakini dalili hizi hata mosfeti halali ingezitoa.

Rudi kwenye karatasi, usome pembeni ya hiyo 2 hadi 4. Imepimwa kwa mkondo wa robo miliampea. Mosfeti ni kama koki ya maji: hapo ndipo inapodondosha tone la kwanza, nawe unataka ampea 5. Sasa tafuta upinzani kati ya dreni na sosi, miguu miwili ambayo mkondo hupita: miliomu 17.5, na hapo geti, mguu unaoifungua, imepewa volti 10. Kwa 3.3 koki yako iko nusu. Volti 4 ambazo pampu haizioni zimebaki kwenye mosfeti. Hata zikipita ampea 3 tu, hizo ni wati 12 za joto, na kipande kile hakina bati la kupozea.

Mimi niliumia kwenye mashine ya kutotolesha vifaranga niliyomtengenezea jirani. Mezani nilijaribu kwa taa ndogo, ikawaka vizuri. Nilipofunga hita yenyewe, mosfeti iliungua usiku, mayai yote yakapoa. Tangu hapo najaribu kwa mzigo wenyewe, nawe nakusihi ufanye hivyo.

IRFZ44N yako, kama bado nzima, usiitupe. Tafuta PC817, kinachopitisha amri kwa mwanga, kile kidude cha miguu minne kilichomo kwenye chaja nyingi mbovu. Pini ya ESP32 ipitie resista ya omu 330 hadi mguu wa 1, ule wenye kidoti. Mguu wa 2 uende graundi ya bodi. Mguu wa 4 uunge kwenye chanya ya betri, wa 3 kwenye geti. Kati ya geti na sosi weka resista ya kiloomu 10, ili bodi ikizimika geti imwage chaji na pampu isimame. Hiyo usiiruke kabisa. Pini itatoa miliampea kama 6, geti itapata karibu volti 12, na joto litashuka chini ya nusu wati. Jua likipandisha betri hadi 14 usihofu, geti inavumilia 20.

Dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, hukuitaja. Mota ikikatwa ghafla hurusha volti zinazoweza kuvuka 55, kikomo cha mosfeti hii. Funga dayodi ya 1N5408 sambamba na pampu, mstari wa fedha uelekee chanya. Fyuzi ya ampea 10 ikae karibu na betri.

Kisha washa pampu ikivuta maji, upime dreni kwa sosi. Ukisoma chini ya volti 0.2, funika boksi upeleke bustanini. Ikizidi sana, na geti ina volti 12 zake, hapo nitakubali umeuziwa feki.