Maswali ya Wasomaji: Moto Kichaa Unaanziwa Mkiani

SWALI: Tupo Siha, jirani na shamba la miti. Kila kiangazi nyasi zikishika moto, vijana wetu hukimbilia mbele yake na matawi mabichi. Wanarudi wameungua nyusi na moto umeshapita. Tufanyeje? – Mwenyekiti wa kitongoji

JIBU: Mwenyekiti, nguvu za vijana hao zinapotelea kichwani mwa moto, yaani upande unaosonga mbele, mahali ambapo hata gari la zimamoto hupata tabu. Waanzie mkiani, palipokwishaungua, tena penye kitu kisichoungua: barabara, mfereji au korongo la mawe. Kutoka hapo wagawanyike makundi mawili, kila kundi lifuate ubavu wake, wakiubana moto hadi kichwa kikonde. Wasiache kipande kinachofuka nyuma yao, maana hicho ndicho kitakachowazunguka.

Tawi lina namna yake. Unalishusha juu ya mwali, unalikandamiza, kisha unalivuta kuelekea kwenye majivu. Anayelinyanyua juu ya bega na kuchapa anaupepea moto, na cheche zinaangukia nyasi kavu mgongoni kwake. Mwali ukizidi mita 1.2 hivi, yaani karibu na kifua, acheni matawi na majembe. Rudini nyuma mkafyeke barabara ya moto, yaani ukanda mtupu usio na cha kuungua.

Barabara hiyo msiifyeke mlimani juu ya moto. Moto hupanda mbio: kwenye mwinuko wa digrii 10 mwendo wake huwa karibu mara mbili ya ule wa tambarare. Kilimanjaro na Meru, mchana upepo hupanda mlima, usiku hushuka. Saa nane hadi saa kumi alasiri ndiyo saa mbaya kuliko zote. Alfajiri, nyasi zikiwa na umande, watu kumi hufanya kazi iliyowashinda hamsini mchana. Ila kumbukeni kwamba upepo wa usiku unaweza kuuteremsha moto kwenye nyumba zilizo chini, kwa hiyo upande huo uwe na walinzi kabla giza halijaingia.

Mtu mmoja asipewe panga wala jembe. Kazi yake ni kusimama anapouona moto na watu wote, akiwa na filimbi. Kila kundi lijue njia mbili za kutokea, na uwanja wa kukimbilia: palipoungua kabisa au ardhi tupu, ambapo mtu anaweza kukaa mbali na mwali angalau mara nne ya urefu wa mwali huo. Jezi za mpira wa miguu waziache nyumbani, kwa sababu kitambaa chake huyeyukia kwenye ngozi. Wavae pamba nzito na viatu vya ngozi, na kila mmoja apate maji ya kunywa karibu lita moja kwa saa. Zimamoto wapigieni 114 moto ukiwa bado mdogo, na maofisa wa msitu wajulishwe wakati huohuo.

SWALI: Nina mizinga Rombo, pembeni ya msitu. Tulizima moto tukaondoka, siku ya tatu ukaibuka tena. Ulitoka wapi? – Mfuga nyuki

JIBU: Haukuzimika, ulishuka kwenye mboji na mizizi. Ukimwaga maji juu, tabaka la juu linalowa na chini makaa yanaendelea kutembea. Fukueni hadi udongo usio na mizizi wala majani, mimineni maji kidogokidogo huku mnakoroga kama ugali, kisha sogezeni mgongo wa kiganja karibu bila kugusa. Pakitoa joto, rudieni. Bomba la kupulizia, la kubeba mgongoni, la lita 16 linatosha mashimo kadhaa, ilimradi maji yaende shimoni.

Anzieni ukingoni, mwingie ndani mita 30. Magogo yaliyo kwenye mteremko yalazeni yasiweze kubingirika, la sivyo yatavuka barabara ya moto yakiwa yanawaka. Majivu meupe ni dalili ya joto kali chini yake. Rudini kukagua saa nane mchana, upepo ukianza, kwa siku mbili baada ya moshi wa mwisho.

Mnaonekana wasumbufu kwa kukagua hivyo? Msijali. Moto wa Oktoba 2020 ulioanzia eneo la Whona uliunguza maeneo ya juu ya Kilimanjaro siku nyingi, na Oktoba 2022 mlima uliwaka tena. Miti ya huko juu hunasa maji ya ukungu. Ikiungua mara kwa mara inabaki vichaka, na maji hayo tunayakosa. Nawe, wakati wa kurina asali, tumia bomba la kufukizia moshi, usitumie mwenge.

SWALI: Barabara ya moto kuzunguka malisho iwe na upana gani? – Msomaji, Monduli

JIBU: Nyasi za magotini, mita 3 zilizokwanguliwa hadi udongo. Nyasi za kifuani, mita 10. Fanya kazi hiyo Juni, masika yakiisha, na nyasi ulizofyeka uzitupe upande unaoulinda, mbali na moto, usizirundike kando ya barabara. Ukitaka kuchoma ukanda badala ya kufyeka, omba kibali kwanza. Sheria ya Misitu ya 2002 inadhibiti uchomaji. Zoa pia mavi makavu ya ng'ombe: hufuka taratibu bila mwali, na huvusha moto kwenye barabara uliyoiona safi.