Chora shaka kabla hujataja mshindi

Ukiingia kwenye uhandisi wa mazingira, hutakaa muda mrefu kabla ya kupewa swali la namna hii: mji wa nyanda za juu unataka kusafisha majitaka, ujengewe mabwawa, ardhioevu bandia ya matete, au mtambo unaopuliza hewa kwa mota? Utapanga vigezo (gharama, ardhi, umeme, harufu, BOD ya maji yanayotoka, yaani oksijeni ambayo vijidudu huhitaji kuozesha uchafu uliobaki), utavipa uzito, na programu itakupa alama: mabwawa 0.62, ardhioevu 0.59. Tafadhali usichore alama hizo kama pau mbili ukaenda nazo kikaoni. Madiwani wataona mshindi, na huenda hayupo.

Shaka zilizojificha hapo ni mbili, na kila moja inastahili mchoro wake. Ya kwanza ni ya vipimo. Tuseme BOD inakadiriwa kuwa miligramu 26 kwa lita, na kikomo cha Tanzania ni 30. Ukionyesha 26 tu, kila mtu atatulia. Onyesha mtawanyiko mzima, kutoka 18 hadi 41, na mstari wa kikomo ukipita katikati yake, uone maswali yatakavyokuja: Juni na Julai, maji yakiwa baridi, itakuwaje? Tope litatolewa na nani?

Ya pili ni ya uzito, na hiyo haiishi kwa kupima zaidi. Mkulima wa bondeni na mhasibu wa mamlaka ya maji hawaithamini ardhi sawasawa. Hapa naipenda sana njia ya SMAA, iliyochapishwa na Lahdelma, Hokkanen na Salminen mwaka 1998, kisha ikapanuliwa mwaka 2001 ihesabu nafasi zote. Kompyuta huchota uzito kwa kubahatisha, mara 10,000 kwa mfano, kisha huhesabu kila chaguo limeshika nafasi ipi mara ngapi. Chora nafasi zote. Chaguo linaloongoza mara nyingi na kushika mkia mara nyingi litawagawa wadau. Lile linalokuwa la pili karibu kila mara huenda wakakubaliana nalo.

Mistari ya shaka, ile inayoonyesha alama ya kila chaguo inaweza kuanzia wapi hadi wapi, ikifunikana, usikimbilie kusema chaguo zinalingana. Watu wakiongezeka mjini, gharama za chaguo zote hupanda pamoja. Katika kila jaribio la kompyuta tumia idadi ileile ya watu kwa zote, halafu chora tofauti ya alama kati ya chaguo mbili. Mabwawa yanaweza kuongoza katika majaribio 9 kati ya 10 hata kama mistari imefunikana.

Na andika chini ya mchoro mstari unaonyesha nini: asilimia 90 ya majaribio, au mkengeuko sanifu mmoja kila upande. Kwenye mtawanyiko wa kawaida (wenye umbo la kengele), wa kwanza ni mrefu kuliko wa pili kwa mara 1.6 hivi, na hakuna diwani atakayelijua hilo kwa kuutazama tu.