Treni inayotoka kwa mwenzako: kwa vijana wanaoanza kazi ya kupanga treni za abiria

Kijana akiletwa ofisini kujifunza kupanga treni za abiria, swali lake la kwanza huwa moja: tuna mabehewa mangapi? Nami nilianza hivyo hivyo. Nililelewa kwenye kota za reli Nsambya, Kampala, nikazijua namba za mabehewa kabla sijaijua hesabu ya kuzidisha, nikadhani anayeijua idadi ndiye anayeijua kazi. Swali lenye faida ni lingine: kesho saa kumi na mbili asubuhi yanatoka mangapi?

Tuseme daftari lina treni kumi. Moja iko karakana kwa matengenezo yake ya kawaida, na nyingine inangoja magurudumu yachongwe. Zimebaki nane, na katika hizo nane moja inatakiwa ikae tayari, imejazwa mafuta, kwa ajili ya itakayoharibika njiani. Wakubwa watakuuliza kwa nini treni nzima imelala huku abiria wa Kireka wamebanana kama punje kwenye gunzi. Wajibu kwa heshima, lakini usiitoe. Ukiitoa leo, itafuata ile iliyokuwa iende karakana kesho, na baada ya miezi mitatu zote zitakuwa mbovu kwa pamoja.

Upungufu ukizidi, watu husema: tupewe za wenzetu. Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize sana. Treni inayotoka kwa mwendeshaji mwingine si yako mpaka yeye awe amepata mbadala wake. Mbadala huo nao unategemea mradi ambao huenda hujawahi hata kuusikia.

Tazameni Nairobi. Mwaka 2020 Kenya ilinunua treni 11 za dizeli zilizokwishatumika kutoka kisiwa cha Mallorca, Uhispania. Ni treni zinazojiendesha zenyewe: injini iko chini ya sakafu, chumba cha dereva kiko kila upande, kwa hiyo zikifika mwisho wa njia hakuna haja ya kuzungusha kichwa cha treni. Zilipatikana kwa sababu reli za Mallorca zilikuwa zimewekewa nyaya za umeme, na za dizeli zikakosa kazi. Nguzo za umeme za kisiwa cha mbali zikampa usafiri mfanyakazi wa Nairobi. Zaidi ya hapo, reli zilizokuwa zikipita kule zina upana wa mita moja, sawa na reli yetu ya zamani kutoka Mombasa hadi Kampala. Bila hilo zisingefaa hata bure.

Sasa geuzeni upande wa pili. Kaskazini mwa Uingereza, njia ya Manchester hadi Preston kupitia Bolton ilikuwa iwekewe umeme, treni za dizeli za pale zihamie kwingine. Kazi ya umeme ikachelewa kwa miaka. Treni za dizeli zilizotarajiwa kwingine zikaendelea kubaki pale zilipokuwa, na ratiba mpya ya Mei 2018 ikavurugika vibaya. Vitreni vya miaka ya 1980 viitwavyo Pacer, vilivyoundwa kwa kutumia vipande vya basi, vilitakiwa viondoke mwisho wa 2019. Kaskazini vingine vilibeba abiria hadi 2020.

Kisa cha miaka michache kabla ya hapo kinanigusa zaidi. Treni 9 za dizeli za kampuni ya TransPennine Express, za huko huko kaskazini, zilikodishwa kwa kampuni nyingine, Chiltern Railways, inayoendesha kati ya London na Birmingham. Hakuna aliyeiba. Mwenye mali alikuwa kampuni ya ukodishaji, Porterbrook. Mkataba wa uendeshaji wa TransPennine ulikuwa unakaribia kwisha, na Chiltern walikuwa tayari kusaini. Kisheria kila kitu kilikuwa sawa. Lakini abiria wa kaskazini, ambao tayari walikuwa wakisimama njia nzima, waliona treni zao zinakwenda kwa watu wengine. Kwa hiyo mkipewa barua ya mgao, tafuteni kwanza anayemiliki, anayekodi, na siku ambayo mkataba unakwisha. Tarehe hiyo ina nguvu kuliko ahadi ya mkubwa yeyote.

Mimi nilikosea mara moja, na bado linaniuma. Tuliahidiwa mabehewa kutoka kwa mwendeshaji mwingine, tukatajiwa na mwezi wa kuyapokea. Nikayaingiza kwenye ratiba, ratiba ikabandikwa stesheni. Mabehewa hayakuja. Mama mmoja muuza matunda alikuwa ameshaachana na teksi yake ya kila siku akitegemea treni yetu. Alinijia na karatasi mkononi, akauliza tu, "Mzee, iko wapi?" Tangu siku ile siandiki treni kwenye ratiba mpaka niione na kuigusa uwanjani kwetu.

Hata ikishafika, bado. Upana wa reli ni jambo la wazi: TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ni milimita 1,067 na reli ya kati ya zamani ya Tanzania ni 1,000, ndiyo sababu pale Kidatu, zinapokutana, mizigo huhamishwa kutoka behewa hadi behewa. Milimita 67, upana wa vidole vichache! Ila mengi hayaonekani haraka. Behewa la breki za vakyumu, zinazotegemea hewa kunyonywa bombani, haliwezi kufungwa breki na kichwa chenye breki za hewa ya kushindiliwa peke yake. Viungio visipolingana, treni mbili hazishikani. Madereva wapya wanahitaji wiki za mafunzo, na wakiwa darasani nani anaendesha zile za zamani? Vipuri je, vinatoka duka gani?

Kuhusu vipuri na karakana, sisi Waganda tuna somo letu wenyewe. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilipovunjika mwaka 1977, vichwa na mabehewa vilibaki huku na huku, lakini karakana kuu ilikuwa Nairobi. Karakana yetu ya Nalukolongo, Kampala, ilikuja kujengwa baadaye. Kugawana mali za Jumuiya ya Afrika Mashariki, reli zikiwemo, kulisuluhishwa na Mswisi Victor Umbricht, na mkataba ukatiwa saini mwaka 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Miaka saba ya mazungumzo, na behewa halingoji mazungumzo, linakula kutu.

Kwa hiyo siku ya kukabidhiana nendeni wenyewe, si kwa picha za simu. Bebeni tochi na fundi mmoja wa zamani, mpeni muda alale chini ya behewa. Ombeni daftari la hitilafu la miezi kumi na miwili, si cheti kilichochapwa wiki hiyo. Ulizeni linalala wapi usiku na nani hulijaza mafuta. Kisha, kabla hamjatia saini, mwulizeni mwenzenu anayelitoa: abiria wake wa Jumatatu watapanda nini? Akikosa jibu, rudini nyumbani bila behewa hilo, kwa sababu kabla ya mwezi kwisha atakuja kulidai.