Mhusika wako anadaiwa na nani?

Maswali ya leo ni ya mchezo wa dadu na karatasi: mmoja anaendesha hadithi, wengine kila mtu na mhusika wake.

Mhusika wangu ni yatima. Kijiji kilichomwa, ukoo wote ukaisha, anatafuta kisasi. Wenzangu wananicheka. Kosa liko wapi? (Ujiji)

Uyatima hauna kosa. Kosa ni kwamba umeua kila mtu ambaye mwendesha mchezo angemtumia. Maiti haidai, haitumi ujumbe, haibishi hodi. Ulimwengu wenu una ziwa? Basi mfanye mvuvi wa dagaa. Aliazima mtumbwi na wavu kwa tajiri mmoja, akatoka na mdogo wake usiku wa giza, ambao ndio usiku wa dagaa. Dhoruba ikapindua mtumbwi. Yeye akaogelea hadi ufukweni, na badala ya kwenda kusema, akatoroka kabla hakujapambazuka. Sasa kuna mdai aliye hai, mama anayeamini wanawe wote wawili wamezama, na mdogo ambaye maiti yake haikuonekana. Hapo mwendesha mchezo ana pa kushika.

Kisasi kina kasoro nyingine: adui akifa katikati ya hadithi, mhusika wako anabaki hana kazi. Deni na aibu havimalizwi kwa upanga.

Historia ya mhusika iwe kurasa ngapi? Mimi nimefika sita. (Tabora mjini)

Nusu ukurasa, maneno 150 hadi 200. Weka majina matatu ya watu walio hai: anayempenda, anayemdai, anayemkwepa. Ongeza jambo moja ambalo halijaisha. Toleo la tano la mchezo maarufu wa aina hii, Dungeons & Dragons, la 2014, linakutaka ujaze tabia, itikadi, fungamano (mtu, mahali au kitu ambacho mhusika amefungamana nacho) na dosari. Anza na fungamano. Itikadi wengi huiandika vizuri na kuisahau mezani. Dosari iandike kama kitendo. "Ni mwoga" haichezeki. "Hapandi mtumbwi jua likishazama" inachezeka, hasa siku adui wako nyuma na mtumbwi ndio pekee uliopo.

Zile kurasa sita zitunze, lakini usimpe mtu azisome.

Mhusika wangu ni mpweke, hamwamini mtu. Kila safari ikianza, ana sababu ya kubaki. (Kasulu)

Tabia muachie, badilisha haja. Wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19, waliobeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi pwani, hawakulazimika kupendana. Mtu angeweza kumchukia kila aliye mbele yake kwenye mstari na bado akatembea naye, kwa kuwa porini peke yako ni hatari. Jaza sentensi hii kabla ya kucheza: "Anataka kitu fulani, na peke yake hakipati kwa sababu fulani." Nusu ya pili ikikushinda, huyo mhusika bado hajaiva.

Mhusika anaweza kuanza kiwango cha kwanza, yaani cha chini kabisa, akiwa ameshaua joka? (Urambo)

Hapana, dadu itamuumbua. Mwenye pointi 10 za uhai anaweza kuangushwa na panya wakubwa wa ghalani. Awe mbeba maji wa mashujaa waliokwenda kuliua, na yeye peke yake ndiye aliyerudi. Kijijini wakampokea kwa ngoma wakidhani yeye ndiye muuaji, naye hadi leo hajawasahihisha.