Maswali na majibu: besi za Schiff na changamano zake za metali

Nikichanganya salisilaldehaidi na ethilinidiamini napata mafuta ya njano, si fuwele. Tatizo ni nini?

Anza na uwiano. Salen, yaani besi ya Schiff (kiwanja chenye kifungo C=N) unayoitengeneza hapa, inataka moli mbili za aldehaidi kwa moli moja ya diamini. Yeyusha gramu 2.44 za salisilaldehaidi (milimoli 20) katika mililita 30 za ethanoli ya moto, kisha dondosha gramu 0.60 za ethilinidiamini (milimoli 10) huku ukikoroga. Umanjano hutokea papo hapo, na fuwele bapa zinazong'aa hufuata mchanganyiko ukipoa.

Kama umepima sawasawa na bado unapata mafuta, kagua chupa ya diamini. Ethilinidiamini hufyonza maji na kaboni dioksidi kutoka hewani. Ukiona ukoko mweupe mdomoni mwa chupa, basi gramu 0.60 ulizopima si diamini tupu, na aldehaidi iliyobaki bila mwenza ndiyo inayozuia fuwele. Poza kwenye barafu, chuja, osha kwa ethanoli baridi kidogo. Salen safi huyeyuka karibu na 127 °C. Ikianza kulainika chini ya 120 °C, ifuwelishe upya kabla hujaileta karibu na metali yoyote. Uchafu wa ligandi (molekuli inayoshika metali kuunda changamano, hapa salen) hautajisafisha baadaye.

Naweza kutumia kloridi ya shaba badala ya asetati?

Unaweza, ila asetati inakufanyia kazi mbili: inaleta shaba na inapokea protoni za fenoli. Ukitumia kloridi, ongeza moli mbili za triethilamini kwa kila moli ya ligandi. Bila hiyo, asidi inayozalishwa huvunja imini (kifungo C=N) na kurudisha aldehaidi na amini. Usikimbilie kumimina haidroksidi ya sodiamu, maana ikizidi, haidroksidi ya shaba hujitenga kama mashapo ya bluu na kuchafua kila kitu.

Kwa asetati: gramu 1.34 za salen, gramu 1.00 ya asetati ya shaba yenye molekuli moja ya maji (kila moja milimoli 5), chemsha katika ethanoli chini ya kondensa kwa saa moja. Mashapo ya kijani kilichokoza hutokea mapema.

Mkanda wa C=N kwenye infraredi haukuhama. Je, metali haikushika?

Usikate tamaa bado. Maji yaliyonaswa kwenye bromidi ya potasiamu (chumvi inayochanganywa na sampuli ili kuipima) yana mkanda wake karibu na 1640 cm⁻¹, palepale ilipo C=N ya salen huru (karibu 1635). Kausha chumvi hiyo kwenye tanuri na urudie. Kwenye changamano tarajia mkanda ushuke kwa 10 hadi 20 cm⁻¹ hivi. Kama kifaa kilipima kwa utenganishi wa 4 cm⁻¹, kuhama kwa 2 hakuthibitishi chochote. Tazama pia C–O ya fenoli, ambayo kwa kawaida hupanda kutoka karibu 1280. Vijimkanda vya chini ya 600 visitumiwe peke yake kudai kifungo cha metali na naitrojeni. Ni ushahidi dhaifu mno.

NMR (mwangwi wa sumaku wa viini) ya changamano yangu ya shaba imetanuka, haisomeki. Ni chafu?

Si lazima. Shaba(II) ina elektroni moja isiyo na mwenza, na hiyo inatosha kuharibu NMR. Pima usumaku: thamani kati ya 1.7 na 2.2 BM (magnetoni za Bohr) inakubalika. Ukitaka NMR nzuri tengeneza ya nikeli. Salen ya nikeli ni mraba bapa, haina elektroni isiyo na mwenza, na ishara ya OH ya salen huru iliyokuwa karibu na 13 ppm lazima itoweke.

Uchambuzi wa elementi umenipa kaboni 55.3%, nami nilitarajia 58.26%.

Changamano ya shaba yenye molekuli moja ya maji inadai 55.24%, kwa hiyo shuku maji kwanza. Linganisha haidrojeni (4.64%) na naitrojeni (8.05%), kisha kausha kwenye vakyumu na upime tena. Usiandike maji kwenye fomula kwa sababu tu yanapatanisha hesabu. Mkanda mpana karibu na 3400 cm⁻¹, au uzito unaopungua sampuli ikipashwa moto, ndio utakaokuruhusu.

Ya kobalti inabadilika rangi mikononi mwangu.

Kobalti(II) ya salen hushika oksijeni. Pitisha naitrojeni kwenye ethanoli kabla ya kuanza, na uchuje chini ya naitrojeni hiyohiyo.