Kila kitu kwenye kontena?

SWALI: Nina kompyuta ya zamani yenye RAM ya GB 4, nimeiwekea Debian (aina ya Linux). Nataka iwe seva yangu ya Nextcloud (ya kuhifadhi faili) na Jellyfin (ya filamu na muziki), pamoja na WireGuard (VPN) ya kuingilia nikiwa mbali. Rafiki yangu anashikilia kwamba kila kitu kikae kwenye makontena ya Docker, programu ya kuendeshea makontena. Mimi naona yataielemea mashine. Nishike lipi?

JIBU: Hofu ya mzigo iondoe. Kontena si kompyuta ndani ya kompyuta. Programu iliyomo hutumia kerneli (kiini cha mfumo) ileile ya Linux uliyo nayo, ila imetengwa na wenzake. Kinacholiwa zaidi ni diski, kwa kuwa kila kontena huja na maktaba zake, yaani vipande vya programu inavyovitegemea.

Maktaba hizo ndizo zinazonitia wasiwasi kwa niaba yako. OpenSSL ya Debian (maktaba ya usimbaji) ikigundulika kasoro, unasasisha kwa apt, kisakinishi cha Debian, mara moja, unawasha programu upya, basi. Zile zilizomo ndani ya makontena apt haizigusi. Ni wewe wa kuvuta matoleo mapya, moja baada ya jingine. Kama huna tabia ya kufuatilia, nakusihi usikimbilie Docker.

WireGuard iache kwenye mfumo wenyewe. Imo ndani ya kerneli tangu Linux 5.6 ya mwaka 2020, na ndiyo njia yako ya kuingia kwenye seva endapo Docker itagoma. Jellyfin yangu pia nimeisakinisha moja kwa moja na sioni sababu ya kuihamisha. Nextcloud ndiyo ya kutia kwenye kontena, maana huchagua matoleo ya PHP (lugha ya programu inayoitumia), na kupandisha Debian hubadilisha PHP ya mfumo mzima.

Sasa data. Kilichoandikwa ndani ya kontena hupotea kontena likifutwa, kwa hiyo faili na hifadhidata zielekeze kwenye folda ya nje unayoijua ilipo. Toleo la kontena litaje kwa namba, usiandike “latest” (la karibuni kabisa): hifadhidata ya PostgreSQL 16 haifungui folda ya data ya PostgreSQL 15. Kabla ya kupandisha, toa nakala kwa pg_dump, zana ya PostgreSQL yenyewe.

Jambo moja rafiki yako huenda hakukwambia: poti (mlango wa mtandao) unayoifungua kwa Docker hupita pembeni ya kanuni za ufw, ngome ya mtandao (firewall) ya mashine. Utadhani umeifunga, kumbe iko wazi. Kabla ya namba ya poti andika anwani ya WireGuard ya seva yako, kisha ijaribu kutoka mtandao mwingine kabla hujapakia hata picha moja.