Ukifungua Shule ya Msingi Wakati wa Janga, Anza na Madirisha

Korona ilipofunga shule mwaka 2020, na baadaye zikaanza kujiandaa kufunguliwa, vitu vya kwanza kuandikwa kwenye orodha ya manunuzi vilikuwa kipimajoto cha getini na dawa ya kupulizia madawati. Nilikuwa kwenye kamati ya maandalizi ya shule ya msingi niliyokuwa nafundisha, na tulibishana sana juu ya orodha hiyo. Sikupinga usafi hata kidogo. Nilichoomba ni kwamba, kabla fedha haijaisha, aitwe fundi wa madirisha.

Yalikuwa hayafunguki. Mengine yalipakwa rangi yakagandana na fremu, mengine bawaba zilikuwa zimeliwa na kutu. Fundi alikuja na mafuta, bisibisi na kisu chembamba, akawa anakwangua rangi pembeni mwa kila fremu, polepole kioo kisije kikapasuka. Alipomaliza darasa la kwanza tulisimama katikati ya chumba tukausikia upepo ukiingia upande huu na kutokea upande wa pili. Katika yote tuliyoyafanya, hilo ndilo ningelifanya tena kabla ya jingine lolote.

Sababu ni namna ugonjwa wenyewe unavyoambukiza. Mtu mwenye virusi vya korona akipumua, akiongea au akiimba hutoa vitone vya majimaji. Vikubwa huanguka karibu yake, lakini vidogo sana huelea hewani, na chumba kikifungwa hujikusanya humo. Sasa fikiria darasa la watoto wadogo: wanasoma kwa sauti, wanaitikia kwa pamoja, wanaimba herufi. Dawati linaweza kung'aa kwa dawa na hewa ya chumba ikabaki ile ile tangu asubuhi.

Kwa hiyo fungua madirisha ya pande mbili, na mlango nao. Kukiwa na baridi au mvua, acha uwazi mdogo muda wote wa kipindi, kisha fungua kabisa watoto wakiwa nje. Feni inayozungusha hewa ya ndani haitoshi. Iweke dirishani ikitazama nje, isukume hewa iliyochoka itoke. Mkipata kipima kaboni dioksidi, gesi tunayoitoa tukipumua, kitumieni. Nje husoma zaidi kidogo ya sehemu 400 kwa milioni (ppm), na ndani kikipita 1,000 jueni hewa haibadilishwi vya kutosha. Kisipokuwepo, toka nje dakika chache kisha urudi darasani: pua itakwambia. Sisi kila darasa lilikuwa na kiranja wa madirisha, na wadogo waliichukua kazi hiyo kwa bidii ambayo sijaiona hata kwenye kufuta ubao.

Na kama kuna kivuli uwanjani, fundisheni nje. Si jambo geni. Mwaka 1904, kifua kikuu kikiwa tishio kubwa, shule ya msituni ilifunguliwa Charlottenburg, Ujerumani, na watoto dhaifu wakasomea chini ya miti. Denmark ilipofungua tena madarasa ya chini Aprili 2020, ilitumia vikundi vidogo na masomo mengi ya nje.

Kipimajoto sikikatazi, ila kisiwape wakubwa utulivu ambao hakistahili. Mtu anaweza kuambukiza korona kabla hajaona dalili yoyote, na watoto wengi hawapati homa kabisa. Tena mzazi anayewahi kazini, na hana wa kumwachia mtoto, anaweza kumpa dawa ya kushusha homa alfajiri, mtoto akapita getini vizuri na homa ikarudi saa nne. Foleni ya kupimwa nayo, watoto wakibanana getini, ni msongamano mwingine.

Kilichotusaidia zaidi kilikuwa kuondoa adhabu kwa mgonjwa. Nina maana ya mambo madogo ambayo shule huyaona ya kawaida: zawadi ya mahudhurio kamili, mtihani usiorudiwa, jina la mtoro kusomwa mstarini. Kuna msichana wa darasa la tatu niliyemwona akizuia kikohozi mpaka macho yakamtoka machozi, mkono umebana mdomo. Nilipomtoa pembeni akaniomba, "Mwalimu, usinirudishe nyumbani, nitakosa cheti." Cheti hicho tulikifuta wiki hiyo hiyo. Tukawaandikia wazazi kwamba mtoto mwenye homa au kikohozi abaki nyumbani, kazi zake zitamfikia, na hatapungukiwa na kitu. Simu zikaanza kuja asubuhi, mzazi mwenyewe akisema mwanangu hajisikii vizuri. Hakuna kifaa cha getini kinacholeta taarifa kama hiyo.

Makundi nayo yapangwe mapema. Darasa moja likae na mwalimu wake, lipumzike kwa zamu yake, lisichanganyike na jingine. Faida yake utaiona siku mgonjwa atakapopatikana, kwa sababu utajua nani alikuwa karibu naye na hutalazimika kufunga shule nzima. Lakini msiwasahau walimu. Tunawatenganisha watoto kwa mita moja halafu sisi wenyewe tunajazana kwenye chumba cha walimu, barakoa kidevuni, tukila na kucheka mlango umefungwa. Tulihamishia mapumziko yetu nje, na wenzangu walinung'unika, lakini niliendelea kusisitiza, maana mwalimu akiugua darasa zima linayumba.

Barakoa: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF wa Agosti 2020 haukutaka watoto wa miaka 5 kushuka chini walazimishwe kuzivaa, na kwa wa miaka 6 hadi 11 ulisema itazamwe hali ya maambukizi, uwezo wa mtoto kuivaa vizuri na uwepo wa mtu mzima wa kumsimamia. Ndivyo tulivyokwenda.

Maji yanahitaji neno moja zaidi ya sabuni. Shule ikifungwa miezi mingi, maji hulala kwenye mabomba na bakteria huzaliana humo. Safisheni tenki, fungueni koki zote maji ya zamani yatoke, kabla mtoto hajanywa. Klorini ya kufutia vitasa na vyoo, kama ya dukani ni asilimia 5, sehemu 1 kwa sehemu 49 za maji inatosha. Isichanganywe kamwe na asidi ya kusafishia choo, kwa kuwa hutoa gesi yenye sumu. Na asipuliziwe mtoto dawa mwilini, hata kama mzazi wake ndiye anayeomba.

Siku ya mgonjwa wa kwanza itafika, kwa hiyo ujumbe kwa wazazi uandikwe kabla. Wetu ulikuwa na mistari minne: darasa gani limehusika, watoto gani wabaki nyumbani na kwa muda gani kwa agizo la idara ya afya, dalili za kuangalia, na nambari ya kupiga. Jina la mgonjwa halikuwemo. Walimu walikubaliana mapema nini cha kuwaambia watoto wakiuliza, maana watauliza, na mtoto anayerudi baada ya kuugua asikute mwenzake amehamisha dawati.

Mwisho kuna wale ambao hawatarudi wenyewe. Sierra Leone ilipofungua shule Aprili 2015 baada ya kufungwa kwa ajili ya Ebola, wasichana waliopata mimba walizuiwa kuingia darasani, na zuio hilo halikuondolewa mpaka Machi 2020. Shule iliyo salama kwa waliofika tu bado ina kazi. Chukua daftari la mahudhurio la kabla ya kufungwa, lilinganishe na la wiki ya kwanza, kisha gawaneni majina: kila mwalimu apewe watoto anaowafahamu, apige simu au afike nyumbani, aulize kilichomzuia mtoto. Ikiwa ni ada, sare, mimba au kazi ya kulea wadogo zake, jambo hilo liletwe kwenye kamati wiki hiyo hiyo, na jina la mtoto lisifutwe daftarini.